Gangilonga: Jiwe Lisemalo

Mtu wa Igowole aendaye Iringa mjini huondoka alfajiri, na aghalabu huondoka ndani ya ukungu. Igowole ni mji wa soko katika nchi ya Mufindi, nchi ya chai, maharage na mipaina, ambako mwezi wa Julai watu huvaa makoti hata adhuhuri. Gari hutoka mpaka Nyororo, huingia barabara kuu itokayo Zambia, hupita Mafinga na msitu wa Sao Hill, huziacha Ifunda na Tanangozi, kisha hufika Ipogolo, chini ya mlima, karibu na mto Ruaha Mdogo. Hapo njia hugawanyika. Abiria wa Morogoro na Dar es Salaam huendelea na bonde. Wa Iringa hupanda. Na akishafika juu, akautupia macho upande wa kaskazini-mashariki wa mji, huuona mwamba mkubwa umekaa kilimani kama mzee aliyekalia kigoda. Huo ndio Gangilonga.

Jina lenyewe ni la Kihehe, na halina fumbo. Liganga ni jiwe, mwamba. Kulonga ni kusema. Neno la kwanza linasikika hadi Ludewa, katika jina la mlima wa chuma uitwao Liganga. La pili halikuwa geni hata pwani, kwani wazee wa visiwani nao walijua kulonga kuwa ni kuzungumza, ingawa neno hilo sasa limechakaa na limesukumwa upande wa porojo. Gangilonga basi ni jiwe lisemalo. Hata hivyo, sikio la pwani lina hatari yake. Likisikia "longa" hukumbuka pia "ulongo", na hapo ndipo mgeni msomi huanza kutabasamu: jiwe gani liseme? Swali hilo lina haki yake, lakini si la kwanza kuulizwa. La kwanza ni hili: jiwe lilisema na nani, na lilimwambia nini?

Masimulizi yaliyo maarufu ni mafupi. Husemwa kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa na desturi ya kupanda mwamba huu na kukaa peke yake akitafakari. Siku moja, akiwa hapo, jiwe lilimjulisha kwamba Wajerumani wanakuja na kwamba yeye ndiye wamtakaye. Wako wasimuliaji wanaorudi nyuma zaidi, wakasema jiwe lilikuwa likisema na wazee tangu kabla ya Mkwawa kuzaliwa, na kwamba yeye alirithi kulisikiliza kama alivyorithi kigoda. Wako pia wenye kusimulia kwamba limenyamaza tangu alipokufa. Maneno yanatofautiana, ila jambo moja halibadiliki katika midomo yote. Jiwe halikumpa Mkwawa ushindi wala dawa, halikumwahidi kwamba risasi zitageuka maji. Lilimpa habari.

Jambo hili linafaa kupimwa taratibu, kwa sababu watu hulikosea kwa pande mbili. Kuna wanaosema kwamba Wahehe waliabudu jiwe. Dini ya wazee wa Uhehe haikuwa hivyo. Wao walimjua Mungu mmoja aliye mbali, Nguluvi, na baina yake na walio hai walikuwapo masoka, yaani roho za waliokufa, ambao ndio walioombwa, waliolishwa na walioogopwa. Tambiko lilifanywa makaburini, kwa pombe, unga na mnyama. Mwamba haukuwa mungu katika mpango huo. Uliweza kuwa mahali pa utulivu ambapo mwenye masoka wakubwa angekwenda kusikiliza. Na kuna upande wa pili, wa wale wanaosema kwamba habari nzima ni hadithi ya kuwafurahisha wageni. Hao nao wamesahau kwamba mwamba ulio juu ya kilima, wenye kutazama bonde la mto na njia za watu, ni mahali pa mlinzi kabla haujawa mahali pa nabii. Aliyekaa pale aliona vumbi na moshi mapema kuliko aliyekaa bondeni. Upepo wa nyanda za juu ukipita katika nyufa za matale hutoa sauti, na usiku mkavu husafirisha maneno ya watu kutoka chini hadi juu kwa namna ya kustaajabisha. Yote hayo hayakanushi masimulizi, bali yanaonyesha kwamba watu waliolipa jiwe jina hilo hawakulipa bure.

Huyu aliyeambiwa na jiwe alikuwa mtu wa aina gani? Jina lake kamili ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Wajerumani walilikata jina wakalifanya Mkwawa, na jina lililokatwa ndilo lililoenea. Ukoo wenyewe hujisimulia kutoka kwa mwindaji mgeni, Mufwimi, aliyefika Ng'uruhe akiwinda nyati, akampenda binti wa mtawala wa pale, kisha akauawa na nyati kabla hajamwona mtoto. Mtoto akaitwa Muyinga. Hadithi kama hii ya mwindaji mgeni imo katika nasaba nyingi za bara, na mwanahistoria ana sababu ya kuishuku. Lakini Kapteni Ernst Nigmann, aliyekaa Iringa akaandika kitabu chake juu ya Wahehe mwaka 1908, aliikuta tayari imekomaa, na Alison Redmayne, mtafiti wa Kiingereza aliyefanya kazi Uhehe katika miaka ya 1960, aliikuta bado hai.

Munyigumba ndiye aliyezifunga pamoja tawala ndogo ndogo za nyanda hizi zikawa dola moja. Nchi ya Mufindi, ambamo Igowole imo, iliingizwa katika dola hiyo, na njiani kati ya Mafinga na Iringa ipo Rungemba, mahali alipozikwa mzee huyo aliyefariki mnamo 1879. Abiria wengi hupapita wamelala. Baada yake ulizuka ugomvi wa urithi. Mwambambe, mkwe wa marehemu, alitwaa madaraka, na Mkwavinyika alilazimika kukimbia kwanza ndipo arudi kupigana. Mahali pa vita vya mwisho vya ugomvi huo paliitwa Ilundamatwe, yaani penye lundo la vichwa. Wahehe walikuwa na tabia ya kuandika historia yao kwa majina ya mahali, na tabia hiyo ndiyo kamusi ya kulielewa jiwe la Gangilonga.

Sasa turudi kwenye habari yenyewe, kwamba Wajerumani wanakuja. Ilitoka wapi?

Kwa mtu wa visiwani jibu liko karibu zaidi ya anavyodhani. Mnamo Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliwakodisha Wajerumani wa kampuni ya Afrika Mashariki ukanda wa Mrima. Mwezi wa Agosti mwakilishi wao alifika Pangani kushika mji. Jina lake Emil von Zelewski. Ndiye aliyegombania bendera ya Sultani, na ndiye aliyeingia msikitini pamoja na mbwa, katika siku za Idi. Mji ukawaka, vita vya Abushiri bin Salim vikaanza, na havikwisha mpaka Abushiri aliponyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Disemba 1889. Watu wa pwani walimpa Zelewski jina la Nyundo.

Misafara ya pembe haikuwa mabubu. Uhehe iliuza pembe na kununua baruti na nguo, na wapagazi waliotoka Bagamoyo, Kilwa na Pangani walikuja na bidhaa na maneno. Haiyumkiniki kwamba mtawala aliyefunga njia za misafara alipotaka, na kuzifungua alipotaka, asijue kilichompata Abushiri. Jiwe, ikiwa lilisema, lilisema na mtu aliyekwisha kusikia mengi. Pengine ndivyo majiwe yasemavyo siku zote: mtu hupanda na habari mia zenye kugongana, hukaa kimya, na huteremka na moja.

Mwaka 1891 Nyundo mwenyewe ndiye aliyetumwa Uhehe. Alikuwa sasa kamanda wa jeshi la koloni. Aliondoka Kilwa na kikosi cha askari wa Kisudani na wa kutoka Msumbiji, pamoja na wapagazi na mizinga, akichoma vijiji njiani. Mapokeo ya Wahehe husema kwamba wajumbe waliopelekwa kwake kuzungumza walijibiwa kwa risasi. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, mahali paitwapo Lugalo, kilomita 25 hivi mashariki ya Iringa ya leo, msafara ulikuwa ukipita katika njia nyembamba yenye mawe na vichaka. Zelewski alikuwa juu ya punda. Mlio mmoja wa bunduki ulikuwa ndiyo ishara. Wahehe walitoka pande zote kwa mikuki na askari hawakuwahi hata kujipanga. Shughuli ilikwisha katika muda wa dakika chache tu. Zelewski aliuawa kwa mkuki, na wasimuliaji husema aliyemchoma alikuwa kijana mdogo. Wazungu 10 walikufa pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi wengi. Bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu ikawa mali ya Mkwawa. Wahehe nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo hotuba za sherehe hupenda kuliruka.

Mtu aliyeingia na mbwa msikitini Pangani akafa kwenye mawe ya Uhehe. Wapwani na Wahehe hawakupanga shauri hilo pamoja, na historia haina haja ya kulazimisha umoja ambao haukuwapo. Lakini anayefuata nyayo za Nyundo kutoka kijito cha Pangani hadi Lugalo ataona kwamba vita vya pwani na vita vya bara, ambavyo vitabu vya shule huviweka katika milango miwili tofauti, vilipiganwa na mtu yule yule.

Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi, safari hii wakiongozwa na gavana mwenyewe, Friedrich von Schele. Makao ya Mkwawa yalikuwa Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, kilomita 15 hivi kutoka Gangilonga, ndani ya ngome ya mawe na udongo aliyoijenga kwa miaka na kuiita Lipuli. Iliaminika kwamba haiwezi kuvunjwa. Tarehe 30 Oktoba 1894, baada ya siku mbili za mizinga, ilivunjwa. Mkwawa alitoroka, husimuliwa kwamba alitaka kufa ndani ya ghala la baruti na watu wake wakamvuta kwa nguvu.

Hapa lipo jambo ambalo msomaji apendaye maneno asilipite. Ng'ambo ya Kalenga upo mlima ambako baadaye wamisionari walijenga misheni kubwa, na mlima huo huitwa Tosamaganga. Wenyeji hulifasiri jina hilo kuwa ni kutupa mawe, na husema lilitokana na vita hivyo, kwa kuwa ndiko yalikotoka "mawe" ya mizinga yaliyoiangukia Kalenga. Huenda jina ni la zamani zaidi na maana hii ilikuja kulivaa baadaye. Majina ya mahali huvaa na kuvua. Ila tazama jinsi lugha ilivyofanya kazi. Upande mmoja wa nchi liko ganga lisemalo, upande wa pili yako maganga yatupwayo. Neno ni moja. Watu walioshindwa vita hawakuhitaji kitabu kueleza tofauti baina ya nguvu mbili zilizokutana mwaka 1894: nguvu yao ilikuwa katika jiwe linalojua, na nguvu ya mgeni ilikuwa katika jiwe linaloruka.

Baada ya Kalenga kuanguka, vita viligeuka vita vya porini na vikaendelea karibu miaka minne. Tom von Prince, afisa ambaye askari walimwita Bwana Sakarani, alijenga kituo cha kijeshi mwaka 1896 juu ya uwanda, mbele ya kilima cha Gangilonga, mahali ambapo sasa ni Iringa mjini. Jina nalo lilihamishwa. Lilinga kwa Kihehe ni ngome, na "Iringa" ya kwanza katika ramani za Kijerumani ilikuwa Kalenga yenyewe. Ngome iliyovunjwa ikanyang'anywa hata jina, likabebwa kilomita 15 na kubandikwa juu ya boma la mshindi. Kwa hiyo mgeni apandaye leo mwambani akaambiwa kwamba Mkwawa alikaa hapa akiutazama mji wa Iringa, hana budi kusahihisha picha hiyo. Mji haukuwapo. Mkwawa aliona majani, ng'ombe, moshi wa nyumba chache za tembe, na bonde la mto. Mji huu ulio chini ya jiwe ndio hasa ile habari ambayo jiwe lilimpa.

Von Prince alijaribu kuigawa nchi. Machifu wadogo wengi walijisalimisha katika mwaka ule wa 1896, kwa njaa na kwa uchovu, na Mpangile, nduguye Mkwawa, akatawazwa mwezi Disemba kuwa mtawala. Siku hamsini hivi baadaye, Februari 1897, Wajerumani hao hao walimnyonga kwa kumshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Kichwa cha Mkwawa kilitangaziwa rupia 5,000. Katika nchi iliyochomwa maghala na kunyang'anywa ng'ombe, fedha hizo zilikuwa utajiri usiosemeka. Hata hivyo mtu huyo aliendelea kulishwa, kufichwa na kuonywa, kutoka kijiji hadi kijiji, mwaka baada ya mwaka. Wakati wa wasiwasi kabla ya vita jiwe ndilo lililosema. Wakati wa vita ni watu walionyamaza. Katika mambo hayo mawili, la pili ndilo lililo gumu kuliamini, nalo limo katika maandishi ya maadui zake wenyewe. Magdalena von Prince, mke wa afisa huyo, aliyeishi Iringa siku hizo na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1903, ni mmoja wa mashahidi.

Mwisho ulikuja tarehe 19 Julai 1898. Mkwawa alikuwa mgonjwa, amebaki na watu wawili au watatu. Kikosi cha Sajini Merkl kilikuwa kikifuata nyayo kikasikia mlio wa bunduki, na kilipofika kiliukuta mwili. Alikuwa amejipiga risasi. Kichwa kikakatwa kikapelekwa kituoni Iringa, kisha Ujerumani. Kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi, katika njia iendayo magharibi.

Kichwa hicho kilisafiri katika karatasi kuliko vichwa vyote vya Afrika. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, una kifungu cha 246 ambacho mfasiri yeyote wa Kiswahili angefurahi na kuhuzunika kukifasiri. Sehemu ya kwanza inaiamuru Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hejaz Msahafu wa asili wa Khalifa Uthman, uliochukuliwa Madina na Waturuki na kusemekana kwamba alizawadiwa Kaisari Wilhelm. Sehemu ya pili inaiamuru, katika muda ule ule wa miezi sita, iikabidhi Serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Msahafu na fuvu, katika kifungu kimoja! Wala fuvu halikuamriwa lirudi kwa watu wake. Mkataba uliosainiwa kwa wino mwingi namna ile haukulijua neno "Wahehe". Ulimjua "Sultani", neno lililopanda na misafara kutoka pwani, na ulimjua Mfalme wa Uingereza.

Miezi sita ikapita, ikapita na miaka thelathini. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akaonyeshwa mafuvu yaliyokusanywa. Yalikuwa kiasi cha 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vipimo vya jamaa wa Mkwawa vilitumiwa kuchagua machache, na katika machache hayo likachukuliwa lenye tundu la risasi. Shaka imebaki tangu siku ile, na wataalamu wana haki ya kuwa nayo. Mwaka 1954 Twining alilikabidhi fuvu hilo Kalenga mbele ya umati, na aliyelipokea ni mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Gavana alitarajia shukrani ya watu watiifu. Mwaka huo huo, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Na yule mjukuu aliyepokea fuvu mikononi mwa gavana ndiye aliyekuja kuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge la Tanganyika, mwaka 1962.

Taifa lilipopata uhuru lilimchukua Mkwawa likamfanya wake. Kambi ya jeshi ya Dar es Salaam ikaitwa Lugalo. Shule ya Iringa ikaitwa Mkwawa, nayo ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005. Mulokozi akaandika tamthilia yake Mukwava wa Uhehe, iliyotoka mwaka 1979. Heshima hiyo ilimstahili, lakini ilikuwa na gharama ambayo jiwe la Gangilonga linaikumbusha kwa kukaa kwake mahali pamoja. Mkwawa wa taifa alipigana na wazungu tu. Mkwawa wa nyanda za juu alipigana na Wasangu, Wabena, Wagogo, Wangoni na wengineo, aliteka ng'ombe na watu, na alitoza. Merere wa Usangu hakujiunga na Wajerumani kwa kukosa akili. Alijiunga kwa sababu Wahehe walikuwa wamemfukuza katika nchi yake, na wazungu walimrudisha. Na vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, Wahehe kwa jumla hawakuinuka, na wako waliokwenda na jeshi la Nigmann kuelekea Mahenge.

Hapo ndipo yule mtu wa Igowole anapokuwa na maana kuliko mtalii wa mbali. Mufindi ni nchi ya mpakani, Wahehe na Wabena wameoana hata koo zimefumana kama mkeka. Ndani ya nyumba moja bibi mzaa baba huweza kumsimulia mtoto juu ya mtawala shujaa, na bibi mzaa mama akamsimulia juu ya usiku ambao wazazi wake walikimbilia msituni kumkimbia shujaa huyo huyo. Mtoto hukua na yote mawili. Akipanda Gangilonga hana haja ya kuchagua bibi mmoja, ila hawezi tena kusikiliza jiwe kwa sikio moja.

Kupanda kwenyewe si kazi. Kata nzima imechukua jina la mwamba, na nyumba za mji zimeupandia hadi miguuni. Kutoka mjini ni mwendo mfupi wa miguu, kisha njia ya kokoto baina ya vichaka, kisha mwamba mtupu, mpana, wenye joto la jua mgongoni hata kama upepo ni wa baridi. Vijana hupanda jioni kutazama jua likizama. Wanafunzi hupanda na madaftari. Wako wapandao kuomba, kila mmoja kwa dini yake, wakiinamisha vichwa pale pale ambapo yasemekana Mtwa aliinamisha chake. Wapo pia walioandika majina yao kwa rangi, ugonjwa wa kila jiwe maarufu duniani, na ingefaa wenye mji waufanyie dawa.

Kutoka juu mji unaonekana wote: mabati, minara ya simu, misikiti na makanisa, na boma la zamani la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Upande wa magharibi, nyuma ya vilima, ndiko Kalenga liliko fuvu ndani ya kabati la kioo. Mbele zaidi, Mlambalasi lilipo kaburi. Mwili katika kaburi, kichwa katika kioo, jina katika mji, sauti katika jiwe. Jua likigusa vilima vile, upepo huanza kupita katika nyufa, na walio mwambani, hata wale waliokuwa wakicheka, hunyamaza kidogo. Kisha mtu wa Igowole huteremka hima, maana magari ya Mafinga hayamngoji mtu Ipogolo, na kutoka Nyororo kwenda kwao usiku ni ukungu tena.